Chakula cha Ugonjwa wa Baba

Nilipoingia wodini na mtoto mgongoni, wa kwanza kumwona hakuwa baba. Alikuwa paka. Alikuwa chini ya kitanda cha pembeni, kichwa chote kimezama kwenye bakuli la uji, anakula kwa raha kama aliyealikwa. Nikainua macho nione mwenye bakuli. Juu ya kitanda alilala mzee mmoja, mashavu yameingia ndani, mkono umelala juu ya blanketi kama fimbo ambayo mtu ameisahau pale. Nikampita. Mimi nilikuwa namtafuta baba yangu, Masunga wa Usangu, mtu wa shingo nene, ambaye akikohoa zizini hata ndama wanageuka.

"Mbuke," yule mzee akaniita. "Unapita unakwenda wapi?"

Nikashika chuma cha kitanda. Magoti yalipiga sakafu yenyewe, nadhani hata kama si kwa kumwamkia yangepiga tu. Nikamwamkia kwa Kisukuma, akaitikia, na sauti ilikuwa yake. Vingine vyote vilikuwa vya mtu mwingine.

Kaka yangu Bujiku ndiye aliyemleta hospitali hii ya misheni, huku juu upande wa Igowole, mkojo ulipomfunga kabisa na mgongo ukamkataza kulala. Kisha Bujiku akarudi Usangu kwa ng'ombe, akatuambia mzee anatunzwa vizuri, analalia shuka nyeupe, tusiwe na wasiwasi. Kwa hiyo mimi nilipanda basi pale Chimala nikiwa na furaha. Nilikuwa nakwenda kumwonyesha mjukuu wake jino linalochungulia.

Nesi akaja nyuma yangu. Alikuwa msichana wa Kihehe, mnene, anaitwa Tekla, na alikuwa na hasira ya siku nyingi.

"Wewe ndiye binti yake? Afadhali umekuja, dada. Huyu mzee wako ana kiburi sijapata kuona. Uji hataki. Ugali hataki. Viazi hataki. Mayai nimemletea mimi, ya kuku wangu mwenyewe, hataki. Anamlisha paka. Paka amenenepa, mgonjwa amekwisha."

Baba Kiswahili chake ni cha mnadani. Anajua dume, maksai, bei, ghali, punguza bwana. Lakini neno paka alilisikia, akatabasamu.

"Usinitazame hivyo," akaniambia kwa lugha yetu. "Njaa hii si ya kushindwa kula. Mimi ndiye ninayeutia njaa."

"Unautia nini njaa, baba?"

Akaelekeza kidevu chini, pale ambapo mpira wa mkojo ulitokeza kwenye blanketi na kushuka hadi kwenye chupa. Hakutaja kitu. Nami sikutazama.

"Daktari alisema, Bujiku akanitafsiria. Ugonjwa huu una chakula chake. Dawa ni kuukatia chakula. Basi. Bujiku akasema anawahi basi la Mbeya."

"Alisema ni chakula gani?"

"Chakula ni chakula, Mbuke. Wewe umekulia Usangu, unamjua ruba. Ng'ombe akinywa maji ya bwawani, ruba akaingia puani, unafanya nini? Humchokonoi. Unamnyima ng'ombe maji. Unamfunga juani, anakauka, na ruba naye anakauka. Halafu unamwekea beseni la maji mbele ya pua. Ruba akisikia harufu ya maji anachungulia. Hapo unamvuta." Akapumzika kidogo. Maneno yalikuwa yanamchosha. "Nao huu utachungulia. Nasikia umeanza kuhangaika."

Alisema hayo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha shamba alilolima peke yake. Nilimtazama mbavu zake zinavyopanda na kushuka, nikaelewa kwamba baba yangu anajiua kwa bidii, na anadhani ni maagizo ya daktari.

Sikumbuki nilitoka vipi pale kitandani. Nakumbuka nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Daktari Edmund na Tekla ananifuata akisema ngoja, ngoja kuna foleni. Daktari alikuwa kijana wa Kibena, mwembamba, miwani imefungwa na plasta upande mmoja. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza, kwa adabu kadiri nilivyoweza, kwa nini amemkataza baba yangu kula.

Akaweka kalamu chini. "Nani kamkataza?"

"Wewe, daktari."

"Mimi?" Akamtazama Tekla, kisha mimi. Nikamweleza habari za Bujiku na habari za ruba. Wakati naeleza alivua miwani, akakaa, akaipangusa, akasahau kuivaa tena. "Nilimweleza kaka yako kila kitu," akasema taratibu. "Alikuwa anatazama dirishani na kuitikia kwa kichwa."

"Kichwa kiliitikia, daktari," Tekla akasema, "lakini masikio yalishafika kituo cha basi."

Daktari hakucheka. Akainuka. "Njoo, mama. Pengine ukiona kwa macho yako utaweza kumweleza."

Maabara ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jengo, kina jokofu la mafuta ya taa na chupa nyingi zenye vifuniko vya kahawia. Nilimshusha mtoto mgongoni nikampa titi ili atulie. Daktari akawa anaongea huku akitafuta kioo chembamba cha hadubini kwenye sanduku.

"Wanaume wana tezi chini ya kibofu. Tunaiita tezi dume. Ya mzee ina kansa. Ndiyo iliyofunga mkojo, na imeshatembea hadi mgongoni, ndiyo maana halali. Tulichukua kinyama kidogo, kama punje ya ulezi. Kwa kawaida nyama kama hiyo unaitia dawa, inakufa, unaikata, unaitazama ina umbo gani. Mimi nilipokuwa nasoma ng'ambo nilifundishwa namna nyingine. Tunaigandisha ikiwa bado mbichi, tunaikata nyembamba kuliko karatasi, tunailoweka kwenye maji ya dawa yenye joto la mwili. Chembe zilizo na kazi zinaendelea kuifanya humo humo kwenye dawa, na pale zilipofanya panageuka peusi. Umeelewa? Sitaki kujua inafanana na nini. Nataka kujua inafanya nini."

Kijijini kwetu, kwenye darasa la jioni la watu wazima, mwalimu alitufundisha habari za vijidudu vya kipindupindu na minyoo, vitu vinavyotoka nje vikaingia. Hiki kilikuwa chetu wenyewe, kimezaliwa ndani ya baba. Nikainama kwenye hadubini. Kwanza niliona kope zangu. Kisha daktari akazungusha kitu na pakafunguka.

Ilikuwa kama uwanda wa Usangu ukiutazama kutoka mlimani baada ya moto wa kiangazi. Weusi, weusi, weusi umeenea, halafu ghafla mpaka, na ng'ambo ya mpaka rangi ya majani makavu ambayo moto haukuyagusa. Na yote hiyo ni punje ya ulezi.

"Penye weusi ndipo penye ugonjwa," nikasema.

"Kote ni ugonjwa, mama. Lakini wale weusi nawajua. Wana kazi wanayoifanya na wana chakula wanachokitegemea. Chakula hicho hakitoki kwenye bakuli. Kinatengenezwa na mwili wa mwanamume wenyewe. Kikikosekana, wananyauka. Ndicho nilichosema kikatwe."

"Kinatengenezwa wapi?"

Daktari akachukua penseli, akairudisha mezani. Tekla akawa anasoma kibandiko cha chupa.

"Kwenye korodani," daktari akasema. "Tunaziondoa. Ni upasuaji mdogo tu."

Mtoto aliachia titi akanitazama usoni. Nadhani moyo wangu ulimpiga shavuni.

"Kumhasi," nikasema.

"Hatuiti hivyo."

Wao hawaiti hivyo. Lakini baba angeiita vipi? Kila maksai aliyevuta plau yetu, baba ndiye aliyemfanya maksai kwa mikono yake, na watu walitoka vijiji vya mbali kumwita kwa kazi hiyo. Bujiku akichelewa kuamka, tusi lake baba ni moja: maksai wewe. Mtu mwoga, maksai. Jirani anayetawaliwa na mkewe, maksai.

Nikainama tena nitazame, labda kwa sababu sikutaka kutazamana na mtu. "Na hawa weupe, wa rangi ya majani makavu? Hawa wana nafuu?"

Daktari akaivaa tena miwani. "Hawa ndio wanaonitisha. Wako hai, wanakua, lakini kazi ya wenzao hawaifanyi. Sidhani wanategemea chakula kile. Tukikikata, weusi watanyauka, na mzee nategemea atapata nafuu, pengine kubwa. Weupe watabaki."

"Kwenye nyama moja?"

"Kwenye nyama moja."

Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nikae kwenye kigoda. Kesho ilikuwa siku yake ya upasuaji. Baba akila leo, hata kidogo kidogo, angeweza kuhimili. Akiendelea na vita vyake vya ruba wiki hii yote, hakuna kisu atakachokihimili, wala uji hautaweza kumrudisha. "Na sitamkata mtu asiyejua anakatwa nini," akasema. "Kwa hiyo umwambie. Yote."

"Siwezi, daktari. Ni baba yangu."

Akanitazama kama vile sijamjibu. Tekla ndiye aliyeelewa. "Hata kwetu Uhehe haisemwi, daktari. Binti kwa baba yake? Afadhali afe." Kisha akanigeukia. "Lakini dada, aseme nani? Mimi Kisukuma najua salamu ya mwangaluka tu. Nimwambie mwangaluka, kisha nioneshe kwa mkasi?"

Kumtumia Bujiku ujumbe kwa basi kungechukua siku ambazo baba hakuwa nazo, na Bujiku ndiye yule yule aliyetazama dirishani. Mama yangu, ambaye angeweza kumwambia, tulimzika kabla sijaolewa. Kwetu binti hakai kwenye kitanda cha baba yake. Baba akienda kuoga mtoni, sisi wasichana tunachukua njia nyingine, na hakuna aliyetufundisha, tunakua tunajua. Nilirudi wodini polepole, nikiomba njia iwe ndefu, nayo ilikuwa ukumbi tu.

Baba alikuwa macho. "Nipe mke wangu," akasema.

Mke wake ni mtoto wangu. Anaitwa Regina, jina la mama yangu, kwa hiyo baba tangu siku ya kwanza alisema ameletewa mke mpya na bila kutoa ng'ombe. Babu na mjukuu wana utani wao. Mjukuu anaweza kumwambia babu ananuka mdomo, anaweza kumwita mzee mchoyo mbele ya wageni, na babu anaruhusiwa kurudisha. Na mjukuu asipojua kusema, mama yake anamsemea.

Nikamkalisha Regina juu ya blanketi, nimemshika kiunoni.

"Mke gani huyu," baba akasema, "amekuja mikono mitupu? Wenzake wakija huja na kuku."

Nikamjibia kwa kile kisauti chembamba cha puani: "Kuku nikuletee umpe paka?"

Baba akacheka hadi mpira ukamuuma. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshtuka. Nilikuwa nimemgombeza baba yangu, waziwazi, kuhusu chakula, na hakuna kilichotokea. Nikamwinua Regina kidogo, uso wake ukaja mbele ya uso wangu, nikawa simwoni baba, namwona kisogo cha mtoto na shanga zake tu.

"Mume wangu," nikasema kwa kisauti kile, "nimetoka kwa daktari."

"Mwanamke anatembea bila kuaga. Daktari anasemaje?"

"Anasema Bujiku ni mwongo."

"Hilo halihitaji daktari. Endelea."

"Anasema ugonjwa wako hauli uji. Uji ule wewe, ule na ugali, ule na mayai ya nesi, ugonjwa hautaonja hata tonge."

Kitanda kikalia. Alikuwa amejiinua. "Basi unakula nini huko ndani?"

Regina akaanza kupiga mateke, anamtaka babu yake.

"Unakula uanaume wako, mume wangu."

"Unaupata wapi?"

"Pale unapomshika dume, ukitaka awe maksai."

Kitanda cha pili alilala mzee Jailos, Mbena aliyevunjika mguu, ambaye hakuelewa neno la Kisukuma lakini kila mara alitaka kujua habari. "Haka katoto kanasema nini?" akauliza kwa Kiswahili. "Mbona babu yake amekunja uso? Kanadai kanga?" Regina alikuwa ameshika pua ya baba kwa mkono mzima, anacheka na lile jino lake.

Baba akauondoa ule mkono mdogo, taratibu. Alipozungumza hakuzungumza na mimi.

"Mke wangu, mama yako anayajua maneno haya?"

"Mama yangu hajui kitu," nikajibu. "Amelala."

"Afadhali. Asijue."

Akageukia ukuta. Nilimwona mfupa wa bega ukipanda chini ya shati la hospitali. Nilitaka kumfunika na sikuthubutu. Ukungu ulikuwa umefika dirishani, wodi ikawa na mwanga wa maziwa, na mzee Jailos alianza kukoroma, au kujifanya anakoroma.

"Mwambie daktari," baba akauambia ukuta, "nimehasi madume mengi. Sijamwona hata mmoja aliyenishukuru."

"Na aliyekufa kwa sababu hiyo umemwona?" kisauti kikauliza.

Nikadhani nimevuka mpaka, mimi na mtoto pamoja. Kisha akaanza kutafuta ukingo wa kitanda kwa miguu.

"Bujiku kasema, sasa mtoto anasema. Mimi sijawahi kununua ng'ombe wa kusimuliwa. Nataka kumwona huyo anayekula."

Tulimpeleka maabara amejifunga blanketi, Tekla amebeba ile chupa ya mkojo kama taa, akinong'ona kwamba hajapata kuona mgonjwa anayedai kukagua ugonjwa wake. Daktari alishangaa, lakini alimwekea kigoda, akamshika kichwa kwa heshima akakiweka sawa. Baba alihangaika na kope zake mwenyewe kwanza, kama mimi. Kisha akatulia. Alitazama kwa muda mrefu sana. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na vidole vilikuwa vinasogea kidogo kidogo, kama anapohesabu mifugo zizini jioni.

"Ni wa rangi mbili," akasema.

Nilikuwa nimeamua kutomtajia weupe. Kwenye ule ukumbi nilikuwa nimejiambia, akubali kwanza, ale, apone kidogo, hayo mengine ni ya Mungu. Sikufikiri kwamba atawaona mwenyewe. Nikamweka Regina kiunoni nikaanza kumsemea, weusi ndio wanaokula kile, mume wangu, wakikatiwa watakufa.

"Na weupe wanalishia wapi?"

Nikatafsiri. Daktari alimtazama baba, si mimi. "Sijui, mzee," akasema.

Neno sijui baba analijua. Amelisikia kila mnada wa ng'ombe wa wizi. Nikangoja akasirike, anyanyuke, aseme twende nyumbani. Nilimchukia yule daktari kidogo wakati ule. Alikuwa na watu wengi wa kuwaambia ukweli, angeweza kumwachia huyu mmoja.

Baba akatoa jicho kwenye hadubini, akalipangusa kwa ncha ya blanketi. "Mpe nesi mtoto," akaniambia.

Nikampa Tekla. Regina akaanza kulia, Tekla akatoka naye nje, na mikono yangu ikabaki haina kitu. Mbele yangu hapakuwa na kisogo wala shanga.

"Sasa sema wewe."

"Baba..."

"Mtoto akisema ni utani. Utani nimeusikia, nimecheka. Lakini sikatwi kwa utani. Nikirudi Usangu ndugu zangu watakaa, wataniuliza, nani alikuambia maneno hayo ukakubali? Niwajibu nini? Kwamba niliambiwa na mtu mwenye jino moja?" Akaninyooshea kidevu. "Au niwaambie alikuwepo binti yangu, alikuwa amelala?"

Nikapiga magoti kwenye saruji. Nilitazama miguu yake, visigino vyenye nyufa za matope ya mpunga, kucha nene. Nikasema. Nilitumia neno lenyewe, la Kisukuma, lile ambalo nililisikia zizini nikiwa mdogo na kuchapwa nilipolirudia. Nikasema watatoa zote mbili kesho, na kwamba hazirudi, na kwamba mwili utabadilika. Nikasema weusi watanyauka na mgongo huenda ukamwachia. Nikasema weupe watabaki. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ile nene ya kawaida, ikimaliza sentensi kama ya mtu mwingine.

Hakunipiga. Daktari alikuwa amegeukia jokofu.

"Watabaki wengi?" baba akauliza.

"Hajui, baba."

"Watanipa muda gani?"

"Hajui. Mimi natumaini mrefu."

"Sikukuuliza wewe unatumaini nini." Lakini hakuwa mkali. Alikuwa ananitazama, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa namtazama. Macho yake yana duara la rangi ya majivu pembeni. Sikuwahi kulijua.

"Mama yako angesema hivyo hivyo," akasema. "Angesema bila kuzunguka. Mwambie akate. Na wewe kaniletee uji, na yule paka mtoeni nje."

Alikunywa bakuli moja, akatapika nusu, akanywa jingine. Tekla alisimama pale kitandani na mayai mkononi, anatazama kila kijiko kinavyopanda, na nilimwona akifuta macho kwa kofia yake ya unesi.

Upasuaji wenyewe sina cha kuueleza. Nilikaa barazani na Regina, tukasikia vyuma vikigongana kwenye beseni, nikamnyonyesha hata pale ambapo hakuwa na njaa. Walimtoa amelala usingizi, mdogo kwenye machela, nikafikiri nimemuua kwa mdomo wangu. Fikra hiyo nilikwenda nayo kwenye kibanda cha wauguza wagonjwa, nikaamka nayo.

Asubuhi nilimkuta amekaa. Sikuelewa nilichokuwa nakiona. Kwa miezi hakuna aliyemwona amekaa bila kuuma meno. Mzee Jailos alikuwa ananionyesha kwa kidole, kama vile mimi ni kipofu.

"Mgongo umenyamaza," baba akasema. Alisema polepole, kama mtu anayeogopa kuuamsha. "Tangu alfajiri. Nimelala, Mbuke. Nimelala upande huu, nikageuka, nikalala upande huu."

Nikakimbia kumwita daktari. Alikuja na miwani yake ya plasta, akambonyeza mgongo pingili moja moja, huku akiniambia nimuulize hapa, na hapa, na hapa, na baba akijibu hapana, hapana, hapana. Daktari akamshushia shati. Alikuwa amesoma kwamba hutokea hivyo, akaniambia, lakini kusoma ni kusoma. Kisha akasema nimkumbushe mzee kwamba wale weupe wapo. Baada ya mvua arudi, wamtazame tena, na yeye daktari ataandika kwa walimu wake ng'ambo kuuliza wanalishia wapi.

Nikamwambia baba, kwa sauti yangu. Akaitikia kwa kichwa.

"Nisaidie nisimame," akasema.

Hakuna nesi aliyekuwa karibu. Akaweka mkono begani kwangu, wote, na uzito wake ukanishukia. Alikuwa mwepesi kuliko debe la maji. Tukaenda hatua kwa hatua hadi barazani, Regina mgongoni kwangu akivuta ncha ya blanketi la babu yake. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye miti, na chini barabarani lori moja lilikuwa linapiga honi kwenye kona ambayo hatukuiona.

"Bujiku atakuja Jumamosi," baba akasema. "Ataleta mtindi, ataanza kuzungumza habari za mvua. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi, baba."

"Mwambie na weupe. Akitazama dirishani, mgeuze."